Mpira Uko Wapi?

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 11 Mei, 2025, nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Kwa Mathias, Kibaha, nikingoja chai, ndipo nilipopata habari kwamba mtangazaji Charles Hilary amefariki dunia. Wengi walioipata habari hiyo walimjua marehemu kwa cheo chake cha mwisho, yaani Mkurugenzi wa Mawasiliano wa Ikulu ya Zanzibar na msemaji mkuu wa Serikali ya Mapinduzi. Vijana wa nyumbani kwangu walimkumbuka kwa taarifa za habari. Mimi nilinyanyuka, nikaingia chumbani, nikauvuta chini ya kitanda ubao mmoja wa mninga wenye urefu wa mkono wa mtu mzima, nikaufuta vumbi. Mke wangu aliniuliza nimepatwa na nini. Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, nami namwomba msomaji, na hasa mwalimu na mwanafunzi ambao ndio niliowakusudia, wanistahimili ikiwa nitaanza mbali.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi seremala. Alitengeneza milango, vitanda vya kamba, na madawati ya shule, na karakana yake ilikuwa kibanda cha makuti chini ya mkorosho, hatua chache kutoka Barabara ya Morogoro. Nilipokuwa na umri wa miaka sita hivi macho yake yalianza kufifia, na kufika mwaka 1977 hakuweza tena kuutambua mchana na usiku ila kwa joto la jua usoni mwake. Alikuwa mpenzi wa Yanga. Kwa kuwa mwaka huo huo, mwezi wa Julai, Simba waliwafunga Yanga mabao sita kwa bila, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu, watani wake walidai kwamba Mungu alimpenda mzee huyu, akamwepusha asiione aibu ile. Baba alicheka pamoja nao. Lakini walipoondoka alinyamaza mpaka usiku.

Fundi aliyepofuka hawezi kukaa mikono mitupu. Siku moja aliniagiza nimletee kipande cha mninga kilichobaki katika kazi ya zamani, akakipapasa, akakipima kwa shubiri, akaomba patasi. Mama aliogopa, akadhani atajikata. Kwa muda wa wiki mbili alichonga kidogo kidogo, akitangulizwa na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alipokwisha ulikuwa umetokea uwanja wa mpira: kingo zilizoinuka pande zote nne, mfereji mwembamba wa mstari wa katikati, duara, maeneo ya hatari yaliyochorwa kwa ncha ya patasi, na katika kila upande lango la misumari miwili lililofungwa uzi kwa juu. Uzi huo aliuita mtambaapanya, jina lile lile la boriti ambayo panya hupita juu yake katika nyumba zetu, nalo ndilo watangazaji walilolitumia kwa mwamba wa juu wa goli. Jina hilo lilimfurahisha mno, maana aliwahi kupachika mitambaapanya ya kweli katika nyumba nyingi za Kibaha. Mpira ukawa kifungo cha koti lake kuukuu.

Tangu siku hiyo, kila palipotangazwa mpira katika redio, baba aliuweka ubao juu ya mapaja yake na kifungo katikati, akainamisha kichwa. Mtangazaji alipotamka, kifungo kilitembea. “Mpira upande wa kulia wa uwanja, karibu na mstari wa kati,” na kidole cha baba kilikuwa pale. “Anaambaa nao kandokando ya mstari,” na kifungo kilikwaruza ukingo wa ubao. “Anaumimina katikati!” Hapo kidole kilirushwa hadi mbele ya lango, na pumzi ya baba ikasimama.

Ni vema nimweleze kijana wa leo hali ilivyokuwa. Utangazaji nchini ulianza mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam, na tangu mwaka 1965 ukajulikana kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo mpaka mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini. Kwa hiyo mtu wa Kibaha, au wa Songea, au wa Ukerewe, aliyewataja Sunday Manara, Gibson Sembuli na Kibadeni kama watoto wa jirani zake, aghalabu hakuwa amewaona hata mara moja. Aliwasikia tu. Mwaka 1974 Yanga walipowashinda Simba mabao mawili kwa moja katika uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, na Manara akafunga lile la ushindi, taifa zima lililikumbuka bao lile kana kwamba lilikuwapo, kumbe waliokuwapo walikuwa ni watu wa Mwanza na wasafiri wachache. Wengine wote tulikuwa vipofu pamoja na baba yangu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na ubao.

Ubao huo ulimfanya kuwa hakimu mkali. Msikilizaji wa kawaida hupendezwa na sauti nzuri, na mbwembwe, na kelele za goli. Baba hakujali. Alikuwa na swali moja, nalo alilitamka kwa sauti kila mara kifungo chake kilipokosa mahali pa kwenda: “Mpira uko wapi?” Mtangazaji angeweza kutaja jina la mchezaji, na jina la baba yake, na timu aliyotoka, na baba angekaa na kidole juu ya kifungo, akingoja kama mtu aliyeachwa njiani. Mtangazaji aliyeanza na mahali, kisha akataja mchezaji, kisha mpira uelekeako, huyo alimwita fundi. Alisema kazi zao ni moja. Seremala asiyepima hujenga mlango usiofunga, na mtangazaji asiyetaja mahali hujenga uwanja ambao watu wanaelea hewani.

Wakati ule watangazaji walikwenda uwanjani wawili wawili, wakapokezana. Kuna mambo waliyopaswa kuyafanya kabla ya kipenga, ambayo msikilizaji hakuyajua: kuwahi, kujua orodha ya wachezaji na namba za jezi, kutazama jua linatua upande gani, kukumbuka timu ipi inashambulia lango lipi katika kipindi cha kwanza, na kuhakikisha laini ya simu inayochukua sauti kutoka uwanjani hadi studio inafanya kazi. Baadaye, kila baada ya dakika chache, ilikuwa lazima kurudia matokeo na muda, kwa ajili ya mtu aliyetoka shamba na kuifungua redio wakati huo. Baba alimtambua mtangazaji mwenye huruma kwa jambo hilo. Alisema: “Huyu anajua kuwa mimi nimechelewa.”

Fauka ya hayo, redio ilikuwa moja na taifa limegawanyika nusu kwa nusu kati ya Simba na Yanga. Mtangazaji, naye akiwa binadamu aliyelelewa katika mtaa fulani, alikuwa na mapenzi yake. Ilimpasa kuyafunga ndani ya kifua kwa dakika tisini. Baba alidai anaweza kumtambua kwa pumzi. “Huyu ni wa Simba,” aliniambia siku moja, “lakini anasema kweli, basi simlaumu.”

Kuhusu lugha yenyewe, najua wapo walimu wanaokidharau Kiswahili cha uwanjani, wakikiona ni cha vijiweni. Mimi sikubaliani nao. Kandanda lilitufikia likiwa na maneno yake ya Kiingereza, na mengine tuliyapokea yalivyo tukayavika kanzu: goli, kona, penalti, winga. Lakini tazama jinsi mengine yalivyozaliwa katika maisha yetu wenyewe. Kuotea ni neno la mwindaji aliyejificha akimngoja mnyama. Kanzu ni vazi, nalo likawa ule ufundi wa kumvisha mtu mpira juu ya kichwa chake ukaupokea upande wa pili. Mtambaapanya nimekwisha kuutaja. Dakika za mwisho zikaitwa za lala salama. Hapana kamati iliyokaa kuyatunga maneno hayo mezani. Yalihitajika pale pale, mpira ukiwa unatembea, na mtangazaji aliyachukua kwa watu na kuyarudisha kwa watu yakiwa na hadhi ya redio ya taifa, hata mtoto wa Newala na mtoto wa Bukoba wakasema neno moja. Kazi ya kukieneza Kiswahili tumezoea kuwasifia wanasiasa, walimu na washairi. Ninasema, nami ni mmoja wa hao washairi, kwamba watangazaji wa mpira wamesahauliwa katika hesabu hiyo.

Sasa nieleze deni langu. 

Mwezi wa Agosti mwaka 1979 timu yetu ya taifa ilikwenda Ndola kurudiana na Zambia. Hapa Dar es Salaam tulikuwa tumewashinda bao moja kwa bila, na mshindi wa mechi hizo mbili angekwenda Nigeria katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1980, jambo ambalo Tanzania ilikuwa haijalipata kamwe. Vita vya kumng’oa Idi Amin vilikuwa vimekwisha miezi michache tu kabla yake. Bidhaa zilikuwa haba, na betri za redio zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotafutwa kwa foleni. Redio yetu, National yenye mfuko wa ngozi, ilitumia betri kubwa nne. Baba alikuwa amezitunza kwa wiki tatu, akijinyima hata taarifa ya habari ya usiku, kwa ajili ya siku ile.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyakati za usiku mimi na wenzangu tulikuwa na mchezo wa kuwamulika ndege waliolala katika mikorosho, ambao mwanga huwapumbaza, ukawashika kwa mkono. Tochi ilihitaji betri mbili. Sitaki kueleza kirefu. Nilizitoa katika redio usiku nne au tano, nikazirudisha kabla ya alfajiri, wala hapana aliyejua.

Siku ya mechi majirani kama kumi walikusanyika karakanani. Baba alikuwa na ubao wake. Kipindi cha kwanza sauti ilikuwa nzuri. Katika kipindi cha pili, Zambia wakiwa wanaongoza bao moja kwa bila na hesabu ya mechi mbili ikiwa sawasawa, sauti ya mtangazaji ilianza kufifia, ikawa kama mtu anayezama kisimani, kisha ikakatika. Watu walipiga kelele. Baba alinipa betri zote nne, akaniambia: “Kimbia ukazianike juani.” Hiyo ndiyo dawa tuliyoijua sote, maana joto huirudishia betri iliyochoka uhai kidogo. Nilizipanga juu ya bati la kibanda cha kuku, kwenye jua la jioni lililokuwa limekwisha kulegea, nikasimama nikizitazama na kuomba.

Nikiwa pale ukapigwa ukelele kutoka nyumba za juu, karibu na barabara. Halafu upande wa pili. Halafu magari yakapiga honi. Peter Tino alikuwa amesawazisha, zikiwa zimebaki dakika chache kabla ya kipenga cha mwisho, na Tanzania ilikuwa inakwenda Lagos.

Nilirudi mbio. Watu walikuwa wanakumbatiana. Baba alikuwa amekaa vile vile, ubao mapajani, kifungo kikiwa karibu na mstari wa kati, mahali alipokiacha mtangazaji. Alikuwa anatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa juu ya kifungo nao haukujua pa kwenda. Akauliza: “Kapiga kutoka wapi?”

Hapana aliyemjibu. Kila aliyefika alisema, “Tino kafunga! Tino kafunga!” Aliyesikia kwa jirani akasema kulia. Mwingine akaapa ni kushoto, karibu kabisa na mlinda mlango. Abiria mmoja wa basi aliyeshuka jioni ile alisimulia bao ambalo, kwa jinsi alivyolieleza, lilikuwa limepigwa kutoka Lusaka. Baba aliendelea kuuliza kwa siku nyingi. Kifungo hakukiondoa mahali pake kwa muda wa juma zima, na mama alipofagia aliambiwa aupite ubao mbali.

Sikukiri. Nilikiri mwaka 1991, nikiwa mtu mzima mwenye mshahara, na baba alijibu kwamba alijua siku ile ile, kwa sababu betri alizipapasa asubuhi akakuta mbili zina mchanga.

Lakini adhabu niliyojipa mwenyewe ilianza mapema. Kila Jumapili nilikwenda kutazama mechi za mtaani na za upande wa Tumbi, nikarudi kumtangazia baba mchezo mzima kwa kumbukumbu, naye akisogeza kifungo. Mwanzoni alinikatiza kila sentensi. “Mpira uko wapi?” Nilijifunza kutazama kwa ajili ya mtu mwingine, na hilo ni jambo gumu kuliko linavyosikika, maana macho ya mwenye kuona hukimbilia lango moja kwa moja na kuyaruka mambo ya katikati.

Ni katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1980 kwamba sauti ya Charles Hilary iliingia nyumbani kwetu. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1959, na alipojiunga na Radio Tanzania alikuwa kijana bado. Pale alikuta mafundi waliomtangulia, na akawa mmoja katika kundi ambalo majina yake watu wa rika langu huyataja kama majina ya wachezaji: Ahmed Jongo, Salim Mbonde, Tido Mhando na wenzao. Alikuwamo pia Halima Mchuka, mwanamke aliyetangaza kandanda wakati wanaume wengi waliamini mwanamke hawezi hata kulitazama. Baba alimpa Bi. Halima alama nzuri bila kusita. Kifungo chake kilitembea.

Kwa Hilary, siku ya kwanza, baba alisikiliza dakika kumi akiwa kimya, kisha akasema neno moja tu: “Anapima.” Kwa masikio yangu, sifa yake ilikuwa utulivu. Sauti ilikuwa nzito kiasi, yenye lafudhi safi ya mtu wa visiwani, na alipoiinua uliamini kwamba kuna jambo, kwa kuwa hakuiinua ovyo. Baadaye alipita njia ndefu. Radio One ilipoanzishwa mwaka 1994 alihamia huko, ambako kipindi chake cha muziki kilimpatia lakabu ya Mzee wa Macharanga. Kisha akaenda Ujerumani katika Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, kisha London katika BBC, tukamsikia katika Dira ya Dunia. Mwaka 2015 alirudi nyumbani na kufanya kazi Azam, na mwaka 2021 akaitwa Ikulu ya Zanzibar. Mtu aliyeanza kwa kueleza mpira uko wapi akaishia kueleza serikali inasema nini. Sitoi hukumu juu ya ipi ni kazi ngumu zaidi, ingawa nina maoni yangu, kwa kuwa nimekuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini.

Miezi mitatu kabla yake, tarehe 7 Februari, 2025, Kenya ilimpoteza Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown, Mombasa, mwaka 1940, na kuingia Sauti ya Kenya mwaka 1964. Usiku, mawimbi ya Nairobi yalifika hapa pwani vizuri, na baba alimpenda Mbotela kwa mambo mawili: utangazaji wake wa mpira, na kipindi chake cha adabu, Je, Huu ni Ungwana?, ambacho kilidumu kwa miongo mingi. Msomaji atakuwa amesikia yaliyompata tarehe 1 Agosti, 1982. Alfajiri, wanajeshi walioasi walimtoa nyumbani kwake, wakampeleka studio, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Kabla siku haijaisha, maasi yakiwa yamezimwa, sauti ile ile ilitangaza kwamba serikali ingalipo. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Waasi walikuwa na bunduki na walikuwa na mtambo, wangeweza kusema wenyewe. Wakatambua kwamba hawataaminika. Walihitaji sauti ambayo kwa miaka kumi na minane ilikuwa imewaambia Wakenya mpira uko wapi, na kweli ukawa pale.

Wenzetu wa mbali nao wana watu wa namna hiyo. Huko Marekani wanacheza besiboli, mchezo ambao siku hizi una kiwanja chake hata katika shule ya Azania jijini Dar es Salaam. Mtangazaji wao mmoja, Vin Scully, aliitangaza timu moja tu, Dodgers, tangu mwaka 1950 hadi mwaka 2016, yaani misimu 67, akaanza nayo Brooklyn na kuhama nayo kwenda Los Angeles mwaka 1958. Inasimuliwa kwamba watu wa mji huo walikwenda uwanjani wamechukua redio ndogo, wakautazama mchezo kwa macho na kumsikiliza yeye kwa masikio, kwa kuwa hawakuamini wameona mpaka aseme. Niliposoma hayo nilicheka, maana hayo nimeyaona mwenyewe Uwanja wa Taifa, mzee wa kanzu, redio sikioni, mchezo mbele yake. Scully alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 94.

Mimi nami nilitaka kuwa mtangazaji. Nilipomaliza kidato cha nne niliitwa katika ofisi moja kwa majaribio. Nilipewa karatasi nisome habari, nikasoma. Nikaambiwa nitangaze mpira wa kubuni kwa dakika tatu, nikatangaza, nadhani vizuri. Mzee aliyekuwa akinisikiliza hakuinua uso katika gazeti lake. Alisema sauti yangu ni nyembamba, inafaa taarabu. Waliokuwamo walicheka. Nilipanda basi la kurudi Kibaha, na mwaka uliofuata nikaajiriwa karani wa masijala, kazi ambayo, nikiitazama vizuri, nayo ni ya kujua kila jalada liko wapi.

Mashairi nilianza kuyaandika katika daftari za ofisi, na mengine yakatoka magazetini. Nilimsomea baba shairi langu la kwanza lililochapishwa, lenye beti kumi na mbili, vina vyote vimetimia, lililosifu amani, umoja na maendeleo. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu kama alivyowasikiliza mashehe na wabunge. Kisha akauliza: “Vizuri, mwanangu. Lakini mpira uko wapi?” Nilikasirika kwa siku mbili. Siku ya tatu nililichukua daftari nikaanza upya, na katika ubeti wa kwanza nikaweka mkorosho, na kibanda, na mtu ameketi chini yake.

Mara ya mwisho ninayokumbuka baba kuutumia ubao kwa jambo kubwa ilikuwa Novemba 1993, Simba walipocheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan. Huko Ivory Coast walikuwa wametoka sare bila kufungana, na kombe lilikuwa kama limekwisha kufika Msimbazi. Baba, Yanga wa kufa, aliwasogezea Simba kifungo kwa uaminifu wote. Walipofungwa bao la pili alikitoa kifungo katika ubao, akakitia mfukoni, akawaambia watani wake waliokuwa wameinamisha vichwa: “Leo hapana utani.” Alifariki mwaka 2003. Kifungo hatukukipata tena; huenda alizikwa nacho, maana alivikwa sanda lakini koti lake alipewa mtu.

Siku hizi kuna vituo vingi vya redio, na watangazaji vijana wenye vipaji, na wapo ninaowasikiliza kwa furaha. Lakini wengi wao wamekulia mbele ya televisheni, na wanatangaza kana kwamba anayewasikiliza anaona. Wanazungumza habari za usajili, wanataniana, wanamwimbia mchezaji, nao mpira unavuka uwanja mzima bila kutajwa. Nimewaambia walimu wawili watatu wa Kiswahili hapa Kibaha wajaribu jambo hili darasani: mwanafunzi mmoja afumbwe macho, mwingine amweleze mchezo unaochezwa nje ya dirisha. Mmoja wao alijaribu. Aliniambia kwamba kipindi kiliisha kwa ugomvi, maana aliyefumbwa macho alidai anadanganywa.

Jioni ile ya tarehe 11 Mei nilimwita mwanangu wa mwisho, nikampa ubao. Badala ya kifungo niliweka komwe moja ya bao. Nilimfumba macho kwa kitambaa cha mama yake, nikaifungua redio ya simu, palipokuwa panatangazwa mechi ya ligi. Kwa muda mrefu komwe lilikaa katikati ya uwanja. Kijana akasema, “Baba, huyu anazungumza tu.” Kisha wakapokezana, akaingia mwingine ambaye jina lake sikulipata. Huyu akasema upande wa kushoto, nusu ya uwanja, komwe likasogea. Akasema unarudishwa nyuma, likarudi. Akasema pasi ndefu kuelekea kulia, nje kidogo ya eneo la hatari, na kidole cha mwanangu kikateleza juu ya mninga hadi pale hasa, kwenye mkwaruzo wa patasi ya babu yake. Redio ikalipuka kwa kelele. Kijana akainua uso, macho yamefumbwa, akauliza: “Kapiga kutoka wapi?”

Nikamwambia atulie, mtangazaji hajamaliza kusema.